Tuseme ukweli: mashabiki wapya wa Pokémon wanakubali chochote, ndiyo maana gemu zimeshuka

#1 Kebo_Zambarau
Salaam wakuu. Sizunguki. Mimi ni wa Red, gemu ya kwanza ya 1996, nimecheza kila kizazi mpaka leo, na kwa maoni yangu Pokémon imeshuka kwa sababu waliokuja baadaye wanapokea kila wanachopewa. Juni 2019 Game Freak, watengenezaji wa gemu hizi, walitangaza kwamba Sword na Shield hazitabeba Pokémon wote, yaani viumbe tunaowakamata na kuwapiganisha. Kelele zikapigwa dunia nzima. Gemu ikatoka Novemba, ikauza nakala milioni 6 wikiendi ya kwanza. Ikaja Scarlet na Violet 2022: mhusika wako anazama ardhini, watu wa mbali wanatembea kwa kukwamakwama, picha inavuta ukiingia tu mjini. Ikauza milioni 10 kwa siku 3.

Ukihoji, unajibiwa "mzee pumzika, hii ni gemu ya watoto." Kampuni itajirekebisha kwa lipi kama hakuna anayeinyima pesa? Zamani tulikuwa tunadai. Leteni hoja, matusi acheni mlangoni.

#2 dogo_wa_Galar
Mimi niliingia na Sword, kwa hiyo nadhani mshtakiwa ndiye mimi. Swali dogo, mkuu. Hao milioni 6 wa wikiendi ya kwanza unaamini ni wageni watupu? Mgeni hakimbilii gemu siku ya kwanza, anasubiri kuambiwa ni nzuri. Anayekimbilia siku ya kwanza ni mtu ambaye jina hilo limo moyoni mwake tangu utotoni.

#3 Nambari386
Swali la dogo lijibiwe. Kebo, Sword ulinunua au hukununua?

#4 Kebo_Zambarau
Nilinunua, na nilisema wazi kilichonikera. Kununua ni jambo moja, kunyamaza ni jambo lingine. Mtu wa kwanza kuingia na Sword hajui alichopunguziwa, kwa hiyo hana cha kudai. Hapo ndipo hoja yangu ilipo.

#5 Majani_Kwanza
Hii ya "zamani tulikuwa tunadai" tuiweke sawa, maana historia imesahaulika mapema mno. Ruby na Sapphire zilipotoka Japani 2002, hukuweza kuhamisha hata Pokémon mmoja kutoka Gold au Silver, gemu za kizazi cha pili. Wote 251 walibaki kwenye kaseti za zamani. Charmander, Bulbasaur, Squirtle, wale watatu wa kuanzia Red, hakuna. Ilibidi kusubiri FireRed na LeafGreen, 2004, ndipo Kanto, mkoa wa gemu za kwanza, irudi. Huo ulikuwa mkato mkubwa kuliko wa 2019, kwa sababu ulikata kila kitu ulichokuwa umelea.

Na sisi tulifanya nini? Tulinung'unika uani, kisha tukanunua Ruby. Na wengi wetu leo tunaiita kizazi cha dhahabu.

#6 Fundi_Betri
Majani, ukweli huo nusu. 2002 ilikuwa na sababu ya kiufundi. Walibadilisha mfumo mzima wa ndani. Kwenye Red na Gold, uwezo wa kuzaliwa wa Pokémon uliandikwa kwa namba 0 mpaka 15. Ruby ikaja na 0 mpaka 31, ikaongeza tabia 25, ikaongeza vipaji. Pokémon wa Gold hakuwa na sehemu ya kuandikia hivyo vyote. 2019 hakukuwa na ukuta wa namna hiyo, walichagua. Masuda wa Game Freak mwenyewe alieleza kwamba ni suala la ubora wa michoro na usawa wa mapambano wakati idadi imeshapita 800. Huo ni uamuzi wa kikazi. Waya wala data havikuwazuia.

#7 Nambari386
Fundi, kama ukuta wa 2002 haukupitika, mbona waliupita baadaye? 2016 walirudisha Red, Blue na Yellow kama gemu za kupakua kwenye 3DS, na mwaka uliofuata wakafungua njia ya kuwapeleka Pokémon wake kwenye gemu za Sun na Moon kupitia Bank, hifadhi ya mtandaoni ya Pokémon. Tabia aliyokosa, mfumo unampa kwa kuangalia pointi zake za uzoefu: gawa kwa 25, kinachobaki ndicho tabia yake. Hesabu ya mistari miwili. Ingewezekana.

#8 Fundi_Betri
Ingewezekana kwa mashine ya 2017 yenye intaneti katikati. Game Boy Advance ikichomekwa kebo ya Game Boy ya kawaida inaongea lugha nyingine kabisa. Halafu usiwachanganye wasomaji: njia hiyo ni kwa zile za kupakua tu. Kaseti halisi ya Red haijawahi kufunguliwa njia. Aliyekamata Mewtwo wake kwenye kaseti, Mewtwo huyo yuko humo humo mpaka leo.

#9 Usiku_wa_Unova
Niruhusuni niingie, kwa sababu mimi nimekuwa "mpya" na sasa naitwa "wa zamani", bila kuhama nilipo.

Nilianza na Black, 2010. Pokémon wapya 156, na mpaka umalize hadithi hukutani na mwingine yeyote wa kale. Kwangu ilikuwa raha tupu: kila kichaka nilichoingia sikujua kitatoka nini, na hata yule mwenye ujuzi wa miaka hakujua. Nilipoingia kwenye majadiliano kutafuta wenzangu, nilipokewa vipi? "Siku hizi wamekosa ubunifu, wametengeneza askirimu na mfuko wa taka." Vanillite na Trubbish vilifanywa fimbo ya kutuchapia. Nilikuwa mdogo, niliamini kweli nimependa kitu kibovu, nikaacha kuandika kwa muda mrefu.

Leo fungua mjadala wowote: Black na White ndizo zenye hadithi bora, N, yule mpinzani wa hadithi hiyo, ndiye mhusika bora, Game Freak warudi huko. Na wanaosema hivyo kwa sauti kubwa ni wenye rika langu, wakiwapiga watu wa Galar, mkoa wa Sword, kwa fimbo ile ile waliyopigwa nayo. Hilo linaniuma kuliko suala lolote la michoro.

#10 Kebo_Zambarau
Pole kwa yaliyokukuta, dada. Ila Vanillite ni askirimu, tusidanganyane.

#11 Majani_Kwanza
Na Voltorb je? Mpira. Electrode? Mpira ule ule umegeuzwa juu chini. Magneton ni Magnemite watatu. Dugtrio ni Diglett watatu. Muk ni matope, na Grimer ni matope machache. Exeggcute ni mayai 6 yamekasirika. Wote hao ni 1996, na wote wamo kwenye kizazi chako kitakatifu, Kebo.

#12 Mchora_Dex
Samahani Majani, Exeggcute si mayai. Maelezo ya Pokédex, kamusi ya viumbe ndani ya gemu, yanasema wanafanana na mayai lakini ni karibu zaidi na mbegu za mmea. Ndiyo maana aina yake ni Majani na Akili, na akibadilika anakuwa mnazi wenye miguu.

#13 Majani_Kwanza
Mbegu 6 zimekasirika basi. Hoja iko pale pale.

#14 Mama_Wawili
Habari zenu. Mimi husoma tu, leo naomba kuchangia. Nilicheza Yellow nikiwa msichana, sasa naangalia wanangu wakicheza Violet.

Mdogo alipoanza alikuwa hajajua kusoma vizuri. Alimkamata Lechonk, yule nguruwe mdogo wa mwanzoni, akampa jina. Lechonk hubadilika levo ya 18. Kila ilipofika dakika ya kubadilika alinililia nibonyeze kitufe cha B kumzuia, kwa sababu "hataki awe mkubwa." Tumebonyeza B mpaka mwisho wa gemu. Kuna mapambano ambayo huyo nguruwe hakupaswa kabisa kuyamaliza na aliyamaliza, kwa kuwa Exp. Share inagawa pointi za uzoefu kwa timu nzima na hakuachwa nyuma hata asipopigana. Gemu iliyonilea mimi isingemruhusu hilo. Angekwama kwenye jimu ya tatu akaacha.

Siku moja kaka yake mkubwa alimsaidia kuweka picha ya huyo Lechonk kwenye kundi la mashabiki. Jibu la kwanza lilitoka kwa mtu mzima: hiyo si Pokémon ya kweli, muulize baba yako akuonyeshe ya kweli. Yaani mtoto kaonyesha nguruwe wake tu. Naomba mnieleze mtu huyo alikuwa analinda nini.

#15 dogo_wa_Galar
Mama, shikamoo. Huyo Lechonk ana heshima kuliko timu yangu nzima.

#16 Mshindani_VGC
Nitajibu swali la Mama kwa upande ninaoujua, mashindano. Anacholinda ni jasho lake. Zamani kupata Pokémon wa kushindania ilikuwa kazi ya wiki nyingi: unazalisha mayai, unaendesha baiskeli kwenda na kurudi mpaka yaanguliwe, unakagua tabia, unatupa, unaanza upya. 2016 vikaja vizibo vya chupa vya kuinua uwezo, 2019 ikaja minti ya kurekebisha tabia. Mtoto wa juzi anaandaa timu jioni moja na anakushinda. Waliokula miaka kwenye baiskeli walikasirika, na hasira yao ikajificha kwenye neno "heshima ya gemu".

Na hii ya kwamba gemu za zamani zilikuwa kamilifu, wanaoisema hawajazifungua siku nyingi. Kwenye Red, shambulio la aina ya Mzimu lilipaswa kuipiga aina ya Akili kwa nguvu maradufu. Kwa kosa la programu halikuigusa kabisa. Focus Energy, iliyowekwa kuongeza nafasi ya pigo kali, ilikuwa inaipunguza. Shambulio lenye uhakika wa 100 bado liliweza kukosa mara moja katika 256. Aina ya Akili ilitawala mpaka wakalazimika kuleta Giza na Chuma kwenye Gold.

#17 Chozi_la_Miltank
Mshindani, hakuna aliyesema zilikuwa kamilifu. Zilikuwa na meno. Waliowahi kusimama mbele ya Whitney, kiongozi wa jimu ya mji wa Goldenrod kwenye Gold, wananielewa. Miltank wake anaanza Rollout, kila mzunguko nguvu inapanda maradufu, ukimjeruhi anakunywa Milk Drink anapona nusu, na kama Pokémon wako ni dume anamroga kwa Attract, mara nyingine hapigani. Ulilazimika kutoka, kufikiri, kurudi na kitu kingine. Sasa hivi timu nzima inapanda levo wakati unatazama mandhari, na tangu Sword hakuna pa kuizima Exp. Share.

Lakini hapa naachana na Kebo. Sioni kosa la dogo. Yeye hakuchagua kunyimwa kitufe cha kuzimia.

#18 Majani_Kwanza
Exp. Share haikuzaliwa juzi. Red yenyewe ilikuwa na Exp. All, msaidizi wa Profesa Oak anakupa Route 15 ukishakamata aina 50. Timu nzima inapata.

#19 Chozi_la_Miltank
Na ukiiacha kwenye kompyuta, imezimika. Hicho ndicho ninachodai: kuiacha kwenye kompyuta. Hata X na Y za 2013 zilikupa nafasi ya kuizima.

#20 dogo_wa_Galar
Kwa hiyo Miltank anashindwaje? Nimeanza kupendezwa.

#21 Chozi_la_Miltank
Panda ghorofani duka kubwa la Goldenrod, kuna mtu anakupa Machop kwa Drowzee. Machop huyo ni jike, Attract haimpati, na aina ya Kupigana inaiumiza Miltank. Jibu limewekwa mji ule ule wenye swali. Huo ndio utunzi ninaoulilia.

#22 Mshindani_VGC
Na waliokuwa na ugumu huo bila kujua Machop yupo, waliambiwa na nani? Rafiki wa jirani. Leo dogo kauliza hapa kajibiwa. Tofauti iko wapi?

#23 Fundi_Betri
Tofauti ipo, na kwangu ndiyo kiini. Zamani habari ilipita mdomoni kwa mdomo, nyingine za uongo, na uongo huo nao ulikuwa sehemu ya mchezo. Mnakumbuka lori la bandarini Vermilion, kando ya meli S.S. Anne? Kila mtu alikuwa na binamu aliyelisukuma kwa Strength akamkuta Mew, Pokémon wa siri, chini. Lori lipo kweli, Mew hayupo. Waliotengeneza FireRed walilijua hilo, wakaweka kitafunwa cha Lava Cookie pale pale ili ukienda kuchungulia upate chochote.

Aliyeanza 2019 alikuta kila kitu kimeshaandikwa, orodha ya Pokémon imevuja kabla gemu haijatoka. Hajawahi kuishi ndani ya gemu ambayo hakuna anayeijua yote. Anapoona wakongwe tunabishana juu ya lori, anatuona wendawazimu, na sisi tukimwona anafungua mwongozo dakika ya kwanza tunamwona mvivu. Tumefunzwa kucheza na mazingira mawili tofauti.

#24 Mchora_Dex
Nyongeza kuhusu Mew: kwenye Red anapatikana kweli, kwa hitilafu ya kutumia Fly au Teleport wakati tu mkufunzi anakuona. Iligunduliwa miaka mingi baada ya gemu kutoka. Na aliyemwingiza Mew ni Shigeki Morimoto, kwenye nafasi iliyobaki walipotoa zana za ukaguzi mwishoni kabisa. Kwa hiyo wale mabinamu walikuwa wanakisia kitu kilichokuwepo, ila si chini ya lori.

#25 Nambari386
Nirudishe uzi kwenye kukatwa kwa Pokémon, maana wengi wanadhani ni suala la orodha.

Nina Breloom. Nilimkamata akiwa Shroomish msituni Petalburg, kwenye Sapphire. Niliambiwa akijifunza Spore, shambulio la kulaza usingizi, hakuna atakayebaki macho, lakini Breloom haijifunzi. Ni Shroomish peke yake, na ni levo ya 54, wakati kubadilika kwake kunaanza levo ya 23. Kwa hiyo levo zote hizo nilimkatalia. Muziki unaanza, umbo linang'aa, nabonyeza B, "Shroomish ameacha kubadilika." Mdogo wangu alikuwa anakaa kando ananiuliza, kwa nini humwachi akue? Nilipomwachia hatimaye, alikuwa na Spore.

Huyo huyo nilimhamisha kwenda gemu ya Diamond kwa Pal Park, njia yake ya kupokea Pokémon wa zamani, kaseti ya Sapphire imechomekwa chini ya DS. Akaenda Black. Akaenda Bank, akaenda HOME, hifadhi iliyoifuata Bank. Njia yote ni ya kwenda tu, hairudi. Ikafika Sword, na Shroomish na Breloom hawamo, si mwanzoni wala kwenye nyongeza zote mbili za 2020. Akabaki ndani ya HOME, namwona kwenye orodha na siwezi kumtembeza. Alitoka Mei 2023 HOME ilipofunguliwa kwa Scarlet na Violet, na sasa ninaye.

Mtu akiniambia "si uchezee wengine, wako 400," nakosa pa kuanzia kumjibu. Ila pia nasema haki: aliyeniambia hivyo mara nyingi zaidi ni mkongwe mwenzangu wa Red, aliyekuwa hajawahi kuhamisha Pokémon hata mmoja. Wapya wananiuliza maswali kuhusu Breloom. Kwa hiyo mstari wa Kebo wa zamani na sasa, mimi siuoni ulipopita.

#26 Kebo_Zambarau
Nambari386, nimekusoma. Umenipa mfano bora kuliko wote niliokuwa nao.

#27 Nambari386
Nimekupa mfano wa kinyume, mkuu.

#28 Tembea_na_GO
Hodi. Mimi nilianza na Pokémon GO, ile ya simu, Julai 2016. Kwenye mgawanyo wenu wa zamani na wapya sisi tuko wapi? Naona wote wawili mnatupita.

#29 dogo_wa_Galar
GO ni nzuri kwa kutembea, ila si gemu kamili ya Pokémon. Hakuna hadithi, Pokémon wa porini hupigani naye, unamrushia mpira tu.

#30 Usiku_wa_Unova
Dogo, soma tena ulichoandika, kisha soma #9.

#31 dogo_wa_Galar
Nimesema inakosa nini, sijamwambia atoke. Mtu aliyenikataa mimi alinikataa kama mtu. Tofauti ipo.

#32 Tembea_na_GO
Sijaudhika. Lakini nilipochukua Let's Go ya 2018, iliyotengenezwa ili watu kama mimi tuvuke, niliambiwa na wenye Switch kwamba gemu hiyo ndiyo mwanzo wa uharibifu, na kwamba sisi tumeuleta. Nilikuwa nimefurahi kuona Kanto kwa mara ya kwanza. Kanto hiyo hiyo ya kina Kebo. Nilidhani tungeongea.

#33 Kebo_Zambarau
Karibu tuongee. Ulimchagua nani kati ya watatu?

#34 Tembea_na_GO
Let's Go hawakupi kuchagua, unaanza na Pikachu au Eevee kufuatana na nakala uliyonunua. Wale watatu wanakuja njiani. Nilimpenda Squirtle.

#35 Mchora_Dex
Mnapigana wenyewe kwa wenyewe wakati sababu iko kwenye kalenda. Pokémon si gemu peke yake: kuna katuni, karata, vinyago, na vyote vinasubiri kizazi kipya kianze siku moja. Gemu ikichelewa, vyote vinachelewa. Tazameni: Brilliant Diamond na Shining Pearl Novemba 2021, Legends: Arceus Januari 2022, Scarlet na Violet Novemba 2022. Ndani ya miezi 12. Ya kwanza walipewa kampuni nyingine, ILCA. Kwa mwendo huo mtu anazama ardhini kwa sababu hakuna aliyepata muda wa kuishika ardhi. Shabiki wa 1996 na wa 2019 wote hawana sauti kwenye ratiba hiyo. Baadaye walipunguza mwendo, 2024 ikapita bila gemu kubwa, Legends: Z-A ikaja Oktoba 2025.

#36 Mshindani_VGC
Na Z-A imeleta mapambano ya papo kwa papo, hakuna kusubiriana zamu. Kwenye kundi langu watu walioanza na Sword ndio wanaolia sasa: "wametuharibia Pokémon yetu."

#37 Kebo_Zambarau
Mchora_Dex, ratiba inawezekana kwa sababu inalipa. Inalipa kwa sababu tunalipa. Mmezunguka mmerudi kwangu.

Ila niwape jambo linalonikosesha usingizi, na hapa dogo nisikilize vizuri kwa sababu linakuhusu. Duka la 3DS lilifungwa Machi 2023. Aliyekuwa ameshapakua Bank bado anaitumia. Ambaye hakupakua hawezi tena kuipata kwa njia halali. Maana yake leo kijana akirithi Sapphire ya dada yake, Breloom aliyemo hawezi kufika HOME hata akitaka. Njia aliyopita Nambari386 imeshazibwa nyuma yake, na sikusikia kelele, kwa sababu wengi wa sasa hawana kitu upande ule. Siku HOME nayo itakapozimwa, walioko huko mtakuwa ninyi. Nataka mjue kupiga kelele kabla, na anayejua kelele hizo zinapigwaje ni mtu aliyeshafiwa na kaseti.

#38 dogo_wa_Galar
Hilo nimelipokea, mkuu, na lingekuwa la kwanza kwenye uzi lingenifikia mapema zaidi. Ulianza kwa kuniambia nakubali chochote.

#39 Usiku_wa_Unova
Sawa kabisa. Mtu hawezi kuomba askari kwa kuwafukuza kambini.

#40 Fundi_Betri
Kwa kuwa kaseti zimetajwa, ya kiufundi kidogo. Gold, Silver na Crystal zina saa ndani, na saa hiyo inakula betri moja na inayoshikilia sevu. Betri ni CR2025. Ikifa, sevu yote imeondoka. Kama yako bado inasevu, nakili data kwanza kwa kifaa cha kusoma kaseti, kisha ndipo uguse betri. Ukiitoa tu, umefuta. Ruby na Sapphire ni tofauti: ukiona ujumbe kwamba betri imeisha, sevu yako iko salama, kilichosimama ni saa. Matunda uliyopanda hayatakua. Wasikuuzie hofu.

#41 Majani_Kwanza
Asante Fundi. Nina Silver sijaiwasha siku nyingi, naogopa.

#42 Fundi_Betri
Iwashe leo. Kuogopa hakuichaji.

#43 Mama_Wawili
Naomba ushauri basi, kwa kuwa mko wengi. Mkubwa wangu amemaliza Violet, anataka "ya zamani yenye hadithi." Nimempatia DS. Aanze na ipi?

#44 Usiku_wa_Unova
Black, kisha Black 2. Asiruke ya kwanza, N hataeleweka.

#45 Chozi_la_Miltank
HeartGold. Ina mikoa miwili na Pokémon anamfuata mchezaji nyuma. Na akutane na Whitney.

#46 Usiku_wa_Unova
Kaomba hadithi, Chozi.

#47 Kebo_Zambarau
Kama DS yenyewe ina tundu la chini, Emerald. Apate msingi.

#48 Mshindani_VGC
Emerald ni ya kabla ya mfumo wa mashambulio kubadilishwa 2006. Aina ya shambulio ndiyo inayoamua kama ni la mwili au la mbali. Mtoto atamkamata Sneasel kwingine, atamleta huko, atakuta Giza na Barafu vyote vinatumia nguvu ya mbali, na Sneasel ana 35 hapo wakati ya mwili ni 95. Utamfundisha msingi gani, mkuu? Platinum, na amkute bingwa Cynthia mwishoni.

#49 Kebo_Zambarau
Sneasel hapatikani kwenye Emerald, Mshindani.

#50 Mshindani_VGC
Ndiyo maana nimesema kwingine. Mpe Platinum, Mama.